Kofia ya filtre

Filtre ya kuchuja hewa ya moto yangu, hii pikipiki ninayoendesha, iko wazi, na mvua ya Kisangani haina huruma. Siku ya ndoa ya shemeji nikachukua kofia ya plastiki ambayo mke wangu hufunikia nywele, nikaitoboa tundu ili moto ipumue, nikaivalisha filtre. Mvua ikamwagika. Moto za wenzangu zikazimika kwenye maji. Yangu ikapita ikinguruma. Nilijiona mfalme!

Mke wangu, aliyetoka saluni, alikuwa amejibanza kwenye mlango wa kanisa.

"Panda, mama! Moto ya bwana yako haiogope mvua!"

Akaiona kofia yake. Akaivua kwenye filtre, akaivaa. Maji yakapitia tunduni.

"Bon," akasema mbele ya wakwe wote, "sasa kichwa yangu nayo iko inapumua."