Miti ya Ndani ya Boti ya Mama

Harufu ya resini, ile gundi ya faiba, haisahauliki. Ni tamu na kali kwa pamoja, na ikishakuingia puani haitoki mpaka kesho yake. Juzi niliisikia tena hapa Bunia, mbele ya kibanda cha kijana anayeziba bampa za magari zilizopasuka. Nilisimama. Kijana akadhani nina gari bovu mahali. Nilichotaka ni kunusa tu, lakini jambo kama hilo huwezi kumwambia mtu usiyemjua, atakushuku. Sisi watu wa Bunia tunashuku upesi. Mimi mwenyewe nilijifunza kushuku nikiwa na miaka kumi, uani kwetu, kando ya boti.

Ndiyo, boti. Najua mtacheka. Ziwa liko mbali, unashuka kupitia Bogoro mpaka Kasenyi, na hapa mjini maji tuliyo nayo ni ya mto Nyamukau, ambao mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo. Lakini mama alikuwa muuza samaki, naye alikuwa amechoka kusubiri boti za watu. Akainunua hiyo ya faiba, nzee, iliyokuwa imelala ufukweni miaka yote ya vita, imejaa maji ya mvua na vyura. Kule ziwani kitu kikianza kutengenezwa kisha kikalala bila mwenyewe hakiamki, wezi wanakimaliza, kwa hiyo akaipakia kwenye Fuso akaipandisha mlimani hadi nyumbani. Ilijaa ua mzima. Mtaani wakaanza kumwita Mama Nuhu, na watoto wa shule wakaniuliza kila siku wanyama wetu wamefika wangapi.

Ilikuwa amani ile ya kutazamana. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, watu wamerudi sokoni, wanasalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto, kisha kila mmoja akienda hatua tatu anageuka kuangalia nyuma. Makabila hatukuyataja kwa majina. Tulisema tu "bale bengine", yaani wale wengine, na kila upande ulikuwa na bale bengine wake. Baba alikuwa ameugua akafa wakati tumekimbilia Boga, kwa hiyo nilikuwa na mzazi mmoja. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililoniharibu akili.

Fundi wa faiba mjini alikuwa mmoja tu, Papa Anselme, na Papa Anselme alikuwa mtu wa bale bengine.

Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Siku ya kwanza hakugusa chombo chochote isipokuwa nyundo, na nyundo yenyewe aliishika upande wa chuma akawa anagonga boti kwa mpini, polepole, kichwa kimeinama. Mahali pazima palilia ko, ko, ko. Mahali pabovu sauti ilikufa hapohapo. Alizunguka boti nzima hivyo, kisha akakata kipande cha sakafu akatumbukiza mkono. Akatoka na konzi ya kitu cheusi chenye maji, kinanuka uyoga. Hiyo ndiyo ilikuwa mihimili, miti minne mirefu inayolala chini ya sakafu toka mbele hadi nyuma, iliyofunikwa kwa faiba.

"Mama Georgine," akamwambia mama, "ngozi iko muzima. Mifupa njo imeoza."

Mama akauliza imeozaje na ilifunikwa. Akamwonyesha tundu dogo la parafujo.

"Mutu alipiga vis hapa, akaitosha, akaacha katundu. Maji haina haraka, mama. Boti haikufake na mawe. Inakufaka na katundu kenye mutu aliacha bila kusema."

Nilikuwa nimesimama pale. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili.

Kazi ilikwenda kwa mwendo wa konokono, na mwendo huo ulimtia mama mashaka. Papa Anselme aliegemeza boti kwa magogo nje, pande zote, kisha akatoa mhimili mmoja tu. Hakugusa wa pili mpaka wa kwanza umerudishwa na kukauka. "Ukitosha yote mara moja, boti inasahau mwili yake," alisema. Mama aliitikia vizuri, na alipoingia jikoni akanung'unika kwamba labda anatafuta muda wa kuchunguza nyumba.

Naye Papa Anselme alikuwa na yake. Nyinyi mnajua desturi yetu: anayekupa cha kunywa anaonja kwanza, mbele yako, ndipo anakupa, ili ujue hakuna sumu. Mama aliionja kila siku chai aliyomletea, akamnyooshea glasi, na kila siku Papa Anselme akatabasamu akasema, "Aksanti, mama, niko na yangu." Kisha anafungua kichupa chake cha maji na muhogo wake uliofungwa ndani ya kitambaa, fundo juu ya fundo. Mama alichukia sana. Lakini jioni mtu huyohuyo aliacha vyombo vyake vyote kwetu, ndani ya sanduku chini ya boti, bila kufuli. Hakutuamini kwa tumbo lake, akatuamini kwa mkate wake. Wakati huo sikuliona hilo.

Jirani yetu Mama Siska ndiye aliyetia chumvi. Aliegemea ua wake akatazama boti, akasema, "Ile miti itafunikwa, si vile? Kisha kufunikwa, nani ataiona tena? Mama Georgine, mutu anaweza kukuua bila kukugusa."

Mama akamwambia aache maneno. Lakini nilimwona anageuka kuangalia boti mara mbili, tatu.

Sasa mimi. Mbao alizichagua mama mwenyewe, libuyu nyekundu kutoka msituni, akazikausha juu ya matofali kwa majuma mengi. Tulipofika mhimili wa tatu, Papa Anselme alifunga mbao mbili kwenye baiskeli akazipeleka kwa mwenye mashine ya kuranda. Mama alikuwa sokoni. Papa Anselme aliporudi, mbao zilionekana fupi, nyembamba, tena zimefunikwa vumbi jeupe. Nilipotaka kuzisogelea akanizuia, "Mutoto, ile resini itakuchoma macho." Na kabla sijapata namna ya kuzitazama, alikwisha kuzipaka na kuzivika kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, zikawa hazionekani tena.

Nikajua amezibadilisha. Nikajua ndani mle ameweka kaliptusi nyeupe, laini, ya kuni, na kwamba mama atakwenda katikati ya ziwa, upepo utachafuka, boti itavunjika vipande viwili. Niliona kila kitu: mama ndani ya maji, kitenge chake kinaelea. Mama hakujua kuogelea. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda, na sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia mama angemfukuza, na boti ingebaki imepasuliwa tumbo uani kwetu milele.

Basi jioni moja, mhimili wa nne nao umekwisha kufunikwa, Papa Anselme amekwisha ondoka na mama amekwenda kuteka maji, nikafungua lile sanduku. Nikatoa shinyole, ile keekee ya kuzungusha kwa mkono, nikapanda ndani ya boti, nikautoboa mhimili wa tatu ubavuni, karibu na mbele. Kwanza ulitoka unga mweupe wa faiba unaowasha. Nikaendelea kuzungusha. Ukatoka unga mwekundu.

Libuyu! Nilifurahi nusura nipige vigelegele. Kisha nikatazama tundu langu. Lilikuwa dogo, duara, jeusi, nami ndiye mtu aliyeliacha bila kusema. Nikakata kipande cha sabuni ya kufulia nikalijaza, nikalipangusa kwa kidole, nikarudisha shinyole mahali pake. Sabuni! Kuzuia maji!

Kesho yake sakafu ilikuwa ifungwe. Niliporudi shuleni nilikuta haijafungwa. Papa Anselme alikuwa amekaa juu ya ndoo anachonga kitu kidogo kwa kisu, na aliponiona akakitia mfukoni. Nikasema moyoni, hiyo ni dawa, anataka kutulogea boti. Akaniita karibu.

"Georgine, mama yako atapanda yeye mwenyewe mu hii boti?"

"Ndiyo, papa."

"Na weye?"

"Siku moja moja."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Nilikimbilia ndani nikajificha nyuma ya mlango. Kwangu hilo lilikuwa swali la mtu anayehesabu watakaokufa.

Siku ya mwisho sakafu imefungwa, boti imepakwa rangi ya buluu, mama akaleta chai kama kawaida. Akainua glasi aionje. Papa Anselme akanyoosha mkono akaichukua kabla haijafika midomoni mwa mama, akanywa, akaimaliza yote, macho yake yakitutazama, kwanza mama, halafu mimi.

"Chai yako iko na sukari mingi, Mama Georgine," akasema. Akafunga sanduku lake kwenye baiskeli akaenda.

Mama alisimama na ile glasi tupu. Baadaye akamwambia Mama Siska, "Leo kiu ilimushinda." Wakacheka.

Boti ilishushwa ziwani. Ilitulisha, ikanisomesha mimi na wadogo zangu. Lakini kila mama alipopanda nilikuwa mgonjwa mpaka arudi, na sasa sikumwogopa tena Papa Anselme, niliogopa tundu langu. Nilililia katika sala, ila kwa mama sikuthubutu. Ziwa likichafuka kidogo tu, mama naye alikuwa akisema, "Sijui yule mutu alituwekea nini mule ndani." Nami nikamwacha amshuku. Papa Anselme alihamia upande wa Mambasa, na baada ya miaka tukasikia amefariki.

Boti ikafikisha miaka kumi na moja kwetu ndipo ubao wa nyuma, unaobeba mota, ukapata ufa. Tukaipandisha tena Bunia kwa Fuso, na mtaa ukamkumbuka Mama Nuhu. Fundi wa safari hii alikuwa kijana, Dieudonné, aliyejifunza kazi Uganda. Aling'oa sakafu, akachukua nyundo yake kwa upande wa chuma, akaanza kugonga kwa mpini. Ko, ko, ko. Mhimili wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne. Mama alikaa kwenye kiti chake, mkono shavuni, akisubiri sauti ife. Haikufa.

"Mama, hii miti iko muzima yote," Dieudonné akasema. "Huyu mutu alijua kazi." Kisha akainama karibu na mbele, ubavuni mwa mhimili wa tatu. "Ila hapa kuko kiraka. Aliogopa nini hapa? Nguo tabaka tatu zinatosha, yeye ameweka sita."

Akakwangua. Chini ya zile tabaka kilikuwapo kijiti cha libuyu, kimechongwa duara, kimejaa tundu sawasawa, kikavu kama kilichopigwa jana. Nikakikumbuka kile kisu na ule mfuko. Uso ulinichoma kwa aibu, na mtu wa kumwomba msamaha alikuwa tayari kaburini, ng'ambo ya msitu.

"Mama," nikasema, "ni mie nilitoboa pale. Nilitaka kuona kama ni libuyu. Nikaziba na sabuni."

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, na bado nilingoja anigombeze. Mama alikuwa anaangalia upande mwingine wa boti.

"Na hii ingine ya huku?" Dieudonné akauliza.

Alikuwa amekwisha hamia kulia, nyuma, kwenye mhimili wa pili. Kiraka kingine, tabaka sita vilevile. Chini yake kijiti kingine, kinene zaidi, cha tundu la mtu mwenye mkono wa nguvu.

"Mie nilitoboa kamoja tu," nikasema.

Mama akafungua kitenge chake, akakifunga upya, akakifungua tena.

"Ulikuwa masomoni, na yeye alikuwa hajafika," akasema mwishowe. "Mie nilitia mushumaa."

Tukatazamana. Papa Anselme alipita asubuhi ile ya kufunga sakafu akipapasa mihimili yake kama alivyopapasa siku zote, akakuta tundu la sabuni, akaenda hatua chache akakuta la nta. Alijua basi kwamba nyumba nzima inamshuku, mkubwa na mdogo. Angeweza kutufikiria tunamtega, tunataka boti ioze ili jina lake lioze pamoja nayo. Angeweza kufunga sakafu akaenda zake, maji yakafanya kazi polepole. Akakaa juu ya ndoo akachonga vijiti viwili. Akaniuliza nani atapanda. Halafu akachukua chai kabla haijaonjwa, akainywa mbele yetu, nasi tukasema ni kiu.

Mama alikuwa analia bila kujificha, mbele ya kijana wa watu.

"Ile chai," akasema, "nilitia sukari mingi kweli."