Chungu Kilichopita Chini ya Boriti

Asubuhi hiyo niliondoka Migori bila kujua naenda wapi. Karibu na daraja lori lilikuwa likipakia vyuma chakavu. Nikasaidia kurusha juu vichwa vya injini, dereva akanipa nafasi. Hakuuliza nitashukia wapi.

Mzigo ulishushwa Rodi Kopany, nyuma ya soko, kwenye banda la mume na mke wanaoyeyusha alumini na kutengeneza puli za mashine za posho, zile za kusaga unga. Nilipoinua macho nikasahau jasho. Juu ya tanuri palikuwa na boriti, na kwenye boriti kigari chenye mnyororo wa kunyanyulia. Kreni! Ya kuvutwa kwa mkono, lakini kreni.

Niliacha shule darasa la saba, na kati ya kazi zangu nyingi niliwahi kufagia kiwanda cha chuma karibu na Nairobi. Huko kreni ilibeba ndoo ya chuma kilichoyeyuka, kubwa kama nyumba. King'ora kikilia, sote tulitoka chini yake. Nilisimama mlangoni na ufagio wangu, nikishangaa kila siku upya.

"Unaijua hii?" mama mwenye banda aliniuliza.

"Ile kubwa, mama. Nilikuwa nafagia tu."

"Omera, ndugu yangu, karibu," mumewe akacheka. "Sisi hata kufagia chini yake hatujawahi."

Alikuwa akichechemea. Zamani chungu cha alumini iliyoyeyuka kilibebwa na wanaume wanne kwa miti. Mmoja alijikwaa, alumini ikamwagika ikamla mguu mume huyu. Mkewe akasema bila kreni tanuri litafungwa. Leo ilikuwa mara ya kwanza kuitumia.

"Ikimwagika tena, nauza nyanya," mama aliniambia. "Na huyu atanibebea debe."

Mmoja wa wale wabebaji wa zamani alipovuta mnyororo ukakaza, wenzake wakasogea, mabega yameinama, mikono mbele, tayari kutembea na chungu kama walivyozoea. Mume naye akajiunga nao.

"Yawa! Mnasindikiza bibi harusi?" mama akapaza sauti.

Waliruka nyuma wakicheka. Nikawaambia desturi ya kiwandani: inua mzigo kimo cha kiganja kimoja tu, simama, uone kama mnyororo unashika, mmoja tu ndiye anayetoa ishara. Mama akainua mkono wake. Chungu kikapanda kidogo, kikatulia, chekundu pembeni. Mumewe alikuwa amebana mikono nyuma isije ikamponyoka.

Mnyororo ulishika. Kigari kikateleza taratibu, chungu kikainama, alumini ikaingia kwenye kalibu za mchanga bila kudondoka hata tone.

Mama aliutazama mguu wa mumewe, kisha boriti. "Kesho washa tanuri mapema," akamwambia. Halafu akanigeukia: "Na wewe unalala wapi?"

Nikamwonyesha begi langu tu. Akanifungulia stoo yenye magunia ya mchanga na godoro moja. Kabla ya kuweka begi nilitazama juu, kama mtu wa kiwandani. Mabati tu, hakuna mzigo unaoning'inia. Nikavua viatu.