Roboti Nyekundu ya Namatala

Harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, hainitoki puani. Hata leo fundi akifungua kopo barabarani, mimi nakohoa kabla upepo haujanifikia, na wajukuu wanacheka. Shule niliacha nikiwa mdogo, lakini harufu hiyo naijua kama msomi anavyojua kitabu chake. Niliijulia Mbale, kwa mjomba Rajabu, kaka yake mama, aliyekuwa akipulizia magari rangi pale Namatala. Kwetu hasa ni Walukuba, Jinja. Sisi ni Wanubi, babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudani, na baba naye alikuwa dereva wa jeshi. Jeshi lake lilipoanza kushindwa vitani, jirani tuliyempelekea chakula kila Idi akaacha kuitikia salamu, na nyumba za Wanubi wenzetu zikaanza kuporwa. Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Baba alikuwa bado hajulikani alipo. Mama akanipakia gari la kwenda Mbale, akanionya nisiseme Kiswahili njiani, maana siku zile Kiswahili kilikuwa kama sare ya jeshi: ukikitoa mdomoni, watu wanakutazama mikono kama una bunduki.

Nilibeba boksi moja tu. Mjapani mmoja wa kiwanda cha pale Jinja, alipokimbia vita, alimwachia baba boksi hilo. Ndani mlikuwa na roboti ya kuchezea ya plastiki, vipande vipande vya kuunganisha, vingali vimeshikana kwenye vijiti vyake kama vilivyotoka kiwandani. Mjomba aliitazama akacheka: "Hili nalo gari, ila halina injini." Usione vyaelea, vimeundwa. Alinifundisha kukata vipande kwa wembe, kuvisugua kwa msasa wenye maji mpaka plastiki iache kung'aa, na kupulizia kwa mbali, mkono ukitembea, rangi isije ikalia machozi. Mgongoni tukaiongezea waya wa breki, kifuani kizibo cha soda. Rangi ya kwanza ilikuwa kijani cha jeshi, masalio ya kazi zake za zamani. "Tuimalize," alisema, "kabla haijatumaliza." Juu yake tukapuliza nyekundu. Kisha akanionyesha kukwaruza mabega kwa kucha, kijani kichungulie kidogo, ionekane imetoka vitani. Na sisi vita vilikuwa hapo nje, tunavisikia.

Siku chache baadaye baba akatokea alfajiri na gari la jeshi. Hakunywa hata chai. Mjomba alilipaka nyeupe, kama magari ya wafanyabiashara, na lilipokauka tu baba akashika njia ya Malaba, avuke kwenda Kenya. Alasiri askari wa jeshi jipya wakaingia uani. Mimi nilikuwa nimekalia kopo la rangi nyeupe, kanga yangu imelifunika. Sikuwa nimepanga, nilikaa tu, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Fundi, gari la kijani limeonekana likiingia mtaa huu," alisema mkubwa wao.

"Hapa magari yanaingia mengi, afande."

Mkubwa yule akaiokota roboti. Akaigeuza, akapitisha kucha begani. "Binti, nani kaipaka?"

"Mjomba."

"Kazi nzuri. Chini kijani, juu nyekundu." Akatabasamu kwa upole ulionitia baridi. "Na gari lile, fundi, ulilifanya vivi hivi?"

Mjomba alinitazama, akatazama kanga yangu. Nikaona amekwisha kuamua. "Nilishikiwa bunduki, afande. Ndiyo. Nyekundu kama hiyo. Limeelekea kaskazini, Soroti."

"Basi twende ukatuonyeshe." Na kwa mke wa mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, atarudi jioni."

Baba alivuka. Alizeeka Kenya, akarudi kuzikwa Jinja. Gari jekundu la kwenda Soroti halikupatikana, maana halikuwako, na mjomba hakurudi jioni hiyo wala nyingine yoyote. Mkewe aliendelea kumwekea chakula mpaka akahama.

Siku hizi Walukuba kumetulia. Kiswahili tunakisema sokoni bila kugeuka nyuma. Mjukuu wangu ananunua roboti zake kwa simu, anazipulizia uani kwa vikopo vidogo, amevaa barakoa, analalamika kwamba rangi inachelewa kukauka. Langoni hapiti mtu ila jirani anayeomba chumvi. Nami nachukua kiti, naketi naye mpaka ikauke, uso wangu nimeuelekeza barabarani. Yeye anadhani nakuja kutazama rangi.