Kichomi cha Kalume

Siku ile nilikuwa nakaanga dagaa. Mdogo wangu Kalume alikuwa juu ya paa akibadilisha nyasi, akinipigia kelele nisimalize dagaa wote kwa kuonja. Kwetu ni Kongo, upande wa pili wa ziwa. Aliniita Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Tukasikia milio sokoni.

Kalume aliruka chini. Tukakimbilia kwenye mihogo.

Risasi ilimpata ubavuni, chini ya kwapa.

Tulitembea siku nyingi hadi Zambia. Njiani mkunga mmoja alimsafisha kidonda, kikafunga, nikamshukuru Mungu mapema mno. Malori yakatufikisha Nakonde, tukavuka mpaka kwa miguu, tukapanga chumba Mpemba kwa Mama Namonga. Aliposikia naitwa Yaya, akadhani nimeajiriwa kulea watoto, akauliza watoto wenyewe wako wapi. Tulicheka sana.

Wiki ya pili homa ikaanza kumpanda kila jioni. Ubavu ulivimba, kovu likapasuka, usaha ukatoka. Nilitaka kwenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini dereva wa lori alikuwa ametuonya kwamba huku mwenye jeraha la risasi hutakiwa kuleta fomu ya polisi kwanza, na sisi hatukuwa na karatasi hata moja. Nikawaona akilini polisi wakimrudisha kwetu, au wakimfunga kwa kumdhania mwasi.

"Yaya, usiseme masasi," Kalume aliniambia. Masasi kwetu ndiyo risasi. "Sema kichomi tu."

Nikasema kichomi. Nilimfunga kitambaa, nikamvika mashati mawili, nikamwambia muuguzi wa zahanati kwamba anachomwa ubavuni akivuta pumzi. Muuguzi alimsikiliza mgongoni, akaandika nimonia. Sindano siku tano. Homa ikashuka, nami nikajiona mjanja.

Ikarudi. Nikaenda zahanati nyingine na kichomi changu kilekile. Kila pikipiki iliyosimama nje niliidhania ya polisi. Moyo haukutulia hata nikichota maji.

Siku ishirini na moja zikapita hivyo.

Mama Namonga ndiye aliyeingia kuchukua nguo za kufua, akamfunua Kalume shati.

"We mama! Kichomi gani hiki kinatoboa ngozi? Mwinue, twende hospitali sasa hivi!"

Daktari alimpiga picha. Kipande cha risasi kilikuwa bado kimo, mfupa wa ubavu umeoza, na vijidudu vimeshaingia kwenye damu.

"Aliumia lini?" aliuliza. Nikamwambia kweli yote.

Nikaenda kituo cha polisi kuchukua ile fomu. Askari aliandika, akagonga muhuri.

"Pole, mama. Wahi kwa mgonjwa."

Hakuniuliza karatasi. Muda wote haukutosha kuchemsha chai.

Walimpasua, wakakata sehemu iliyokufa, wakakwangua iliyobaki, wakamtundikia dripu za dawa. Daktari alisema mfupa huhitaji dawa wiki sita ili upone. Kalume alizitumia siku nne.

Watu wakinipa pole husema vita vimemuua ndugu yangu, nami naitikia, maana ni wema wao. Lakini vita vilimpiga vikamwacha anatembea. Aliyekaa naye siku ishirini na moja akimfunga vifungo vya shati ni mimi.