Mjomba alivyonisemea ugonjwa kwa daktari, Matombo miaka ya hamsini

Wakuu, naanza na marahaba, maana najua wengi humu ni wajukuu zangu. Haya yalinikuta mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Nilikuwa na mimba changa. Ya kwanza ilishatoka, na hii nayo ikaanza kutoa damu. Niliogopa sana.

Sasa kwetu Waluguru, mjomba ndiye mwenye mtoto. Hata kwa daktari anaongea yeye, wewe mgonjwa umekaa kimya na kanga yako.

Na mjomba wangu, mtu wa heshima zake, angeyatamkaje mambo ya damu ya mpwa wake mbele ya mwanaume mwenzake?

Daktari, Mzungu mmoja mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akauliza, "Anaumwa nini?"

Mjomba akajibu, "Kichwa."

Nikapewa vidonge vya kichwa, tukarudi kwetu mlimani. Nililia kimoyomoyo njia nzima.

Damu ikazidi. Safari ya pili nikabebwa kwa machela.

"Anaumwa nini?"

"Kichwa kilekile," mjomba akasema, macho chini.

Daktari akaitazama machela, akanitazama na mimi. Kisha akasema taratibu, "Mzee, siku hizi anayemleta mgonjwa naye anapimwa uzito. Mizani iko nje."

Mjomba akatoka bila ubishi. Mlango ulipofungwa tu, nikayamwaga yote kwa pumzi moja. Nikalazwa palepale, mimba ikashika. Mtoto mwenyewe ndiye kaninunulia simu hii ninayoandikia.

Ngojeni, utamu uko mbele. Miaka ikapita, mjomba akapata ngiri. Nikampeleka mimi, kwa daktari yuleyule.

Akaulizwa anaumwa nini. Akanigeukia, eti nimsemee.

Jamani, ngiri ya mjomba naitamkaje mimi?

"Anaumwa kichwa," nikasema.

Daktari akaangalia dirishani asicheke. Mjomba akanitazama kidogo, halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu nenda nje kapimwe uzito."

Kumbe miaka yote ile alijua mizani ilikuwa ya nini. Nilitoka, nikasimama juu ya mizani ileile nacheka na machozi yananitoka.

Nilichojifunza: ukimsindikiza mgonjwa, kuna wakati msaada wako ni kutoka nje.

Nanyi je, nani alishawahi kusemewa ugonjwa? Tupieni hapa. Bibi anasoma polepole, ila anasoma yote.