Pikapu Niliyoiinua Inchi Mbili

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishtua. Nilisema hivyo nikiwa na miaka thelathini na bado nasema. Mtu aliyeacha shule darasa la nne huko magharibi, akaja Nairobi na shati moja, akapanga chumba cha mabati Mukuru kwa Reuben, akabeba chuma cha moto miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha kusubu vyuma akilipwa kwa siku, na leo ana karakana yake Huruma na watu saba chini yake, huyo utamshtua na nini? Nusu ya mageti ya upande wetu yametoka mikononi mwangu. Ukisukuma geti na lisipige kelele, jua ni langu.

Kwa hivyo niliponunua pikapu mpya, si mtumba wa Japani, mpya kabisa, viti bado viko ndani ya nailoni, sikuona cha kutetemekea. Niliuza ploti ndiyo nikaipata. Mama watoto alitaka tuchukue iliyotumika, pesa itakayobaki tumalizie nyumba. Nikamwambia nimeendesha vilivyochokeshwa na wenzangu vya kutosha. Mpya ina waranti ya miaka mitatu, kikiharibika kitu kampuni inatengeneza bure. Nikamwambia hiyo waranti ndiyo nimenunua, gari ni nyongeza tu.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa mitaa yenye nyasi hawezi kulielewa. Huku kwetu kitu kipya huwa hakijaisha kutengenezwa. Ukinunua kiatu, kabla hujakivaa unakipeleka kwa fundi akishone soli kuzunguka, maana gundi ya dukani ni ya kupigia picha. Sufuria mpya unaipeleka ikaongezwe kitako. Mimi mwenyewe nimeletewa milango mipya kutoka madukani, bado na karatasi ya bei, niipige welding tena. Hatuoni kama tunaharibu. Tunaona ndiyo tunamaliza kazi ambayo kiwanda kiliiacha njiani.

Ndivyo nilivyofanya na pikapu. Wiki ya pili niliipeleka Majengo kwa fundi wangu wa magari, mtu niliyemwamini tangu siku za gari langu la kwanza, lile lililokuwa na mlango mmoja wa kamba. Barabara ya kuingia karakana yangu ina mashimo ya kuogea, na geti la chuma si mkate. Nikamwambia ainue. Akatoa springi zote nne, akaweka ndefu na ngumu zaidi, gari likapanda inchi mbili.

"Mdosi, ilikuwa imelala kama bata," akaniambia akipangusa mikono. "Sasa ukipita juu ya shimo, shimo ndilo litaumia."

Nilimlipa elfu sabini na mbili bila kuomba apunguze hata mia. Nikapitia njia ndefu kurudi nyumbani, ile yenye watu.

Mwezi wa tisa tangu niinunue, ikaanza kulia. Sauti nyembamba kutoka nyuma, na ukiongeza mwendo nayo inapanda. Nikalala chini nikaangalia, nikaona oili inachuruzika kwenye difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo ndilo linayapa nguvu ya kuzunguka. Sikwenda Majengo. Si nina waranti? Nikaipigia kampuni simu, wakaja wakaivuta mpaka yadi yao Industrial Area.

Siku ya tatu wakaniita. Meneja wa sevisi alikuwa mtu wa umri wangu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, kucha safi kama za mhubiri. Alinitembeza kulizunguka gari, akachutama na futi ya chuma, akapima kutoka gurudumu hadi kwenye bodi. Akaandika. Halafu akanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtu kwamba mgonjwa hakuamka. Gari likiinuliwa, ile propela inayopeleka nguvu nyuma inakaa kwa pembe ambayo haikukusudiwa, na pembe hiyo ndiyo imepasua difu. Difu mpya ni laki tatu na elfu arobaini. Waranti imekufa, yote, hata ya redio.

"Ungetuuliza kwanza, mzee."

"Nikinyoa leo na jino liniume kesho, daktari wa meno ataniambia nimlaumu kinyozi?"

Hakucheka. Alinisogezea fomu nitie sahihi kwamba nimekubali kulipa. Mimi sahihi yangu ni fupi lakini siitupi ovyo. Nikamrudishia kalamu.

Niseme ukweli, hata mtu asiyeshtuka hufanya hesabu. Laki tatu na arobaini ndizo zilikuwa pesa za kununulia vyuma vya miezi miwili. Nikizitoa, karakana inalala, na wale watu saba wana watoto wanaokula kila siku. Nisipozitoa, gari linakaa pale, na mteja anayesubiri geti hangoji difu yako. Nilirudi nyumbani nimekunja uso. Mama watoto akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile waranti niliyonunua iko wapi, ama kampuni ilibaki nayo ikanipa nyongeza.

Nilistahili. Lakini yeye si mtu wa kukuchoma akakuacha na kidonda. Alifanya kazi ya karani miaka mingi, na karatasi za Kizungu haziogopi. Alitoa kile kitabu cha waranti kwenye droo, akavaa miwani, akasoma ukurasa mmoja mara mbili huku chai yake ikipoa.

"Hapa hawasemi ukibadilisha kitu waranti imekufa," akasema. "Wanasema hawalipii kilichoharibika kwa sababu ya ulichobadilisha. Kawaambie wakuonyeshe hiyo sababu."

Basi hapo nikapata la kushika. Asubuhi nilikuwa pale geti linapofunguliwa. Nikasema sitaki maneno, nataka kuiona difu ikiwa imefunguliwa. Wakasema wateja hawaruhusiwi kuingia karakana. Nikasema sawa, nitangoja mpaka ruhusa ije. Nikaketi kwenye kile kiti kirefu cheupe cha mapokezi, mahali wanapoketi watu waliokuja kununua magari mapya, nikiwa na ovaroli yangu ya kazi. Dada wa mapokezi aliniletea gazeti ili nilikalie. Nikamshukuru, nikalisoma picha.

Nilikaa siku sita. Kazi ya karakana yangu niliielekeza kwa simu kutoka kwenye kiti hicho. Sikupiga kelele wala sikumtukana mtu. Ila mnunuzi akiketi karibu nami na kunisalimia, na sisi Wakenya hatuwezi kukaa kimya, aliniuliza gari langu lina shida gani nami nikamweleza, pole kwa pole, kwa sauti yangu ya kawaida. Sauti yangu ya kawaida ni ya mtu aliyefanya kazi kando ya tanuri. Siku ya sita mume na mke waliokuja na cheki ya benki walinisikiliza, wakatazamana, wakaondoka wakaacha chai ikifuka moshi. Haikupita robo saa meneja akaja na kofia ngumu ya kiwandani.

"Vaa hii, mzee. Dakika kumi."

Difu ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa kama samaki. Meneja akanionyesha ufa kwenye ganda lake, akaanza tena habari ya pembe. Nikamwomba anipe kipande kilichobanduka. Nikakipeleka dirishani.

Hapo sasa tulikuwa nyumbani kwangu. Chuma kilichovunjika leo hung'aa. Kikikaa na ufa miezi mingi, oili inaingia na kukifanya cheusi. Kile kipande nusu yake iling'aa na nusu ilikuwa nyeusi ti, na ndani ya ile nyeusi kulikuwa na matundu madogo, kama ya mandazi yaliyoumuka.

"Tazama hapa," nikamwambia. "Hii ni hewa. Chuma kilimwagwa, hewa ikakwama, kikapoa nayo ndani. Mimi nimemwaga chuma miaka kumi na moja, ng'ambo tu ya ukuta wenu huu. Vya namna hii tulivirudisha kwenye tanuri. Ufa huu ulizaliwa na difu. Springi zangu zimeukuta."

Alikichukua, akakigeuza, akawasha taa ya simu, akakipiga picha tatu.

"Wewe ni injinia?"

"Mimi ni darasa la nne."

Siku nne baadaye aliniita. Wakubwa wake walikuwa wameziona zile picha, kampuni italipia difu pamoja na kazi ya kuifunga. Nikanyoosha mkono. Akaushika, lakini hakuuachilia, akanivuta mpaka mbele ya gari na kuniomba niiname. Mipira inayofunika viungo vya shafti za mbele ilikuwa imechanika yote miwili, grisi imetapakaa.

"Hii nayo, mzee?"

Niliitazama vizuri, maana nilitaka sana iwe yao. Mpira ulikuwa umejikunja kwa ile pembe mpya mpaka ukakatika. Hiyo ilikuwa ni inchi zangu mbili. Nikamwambia hiyo ni yangu, nitalipa. Nadhani hakutarajia, maana aliniambia lililobaki bila kuangalia karatasi: waranti ya miaka miwili na kitu iliyosalia itaendelea, ila gari lirudi kwenye kimo chake, kwa springi za kampuni.

Nikacheka. Springi za kampuni si nilikuja nazo? Nikaenda Majengo nikiwa nimeshinda vita, nikamwambia fundi atoe zile zangu za kwanza. Sasa, kwa mafundi wa huku, kilichotolewa kwenye gari ni cha fundi, isipokuwa mwenyewe amekitaja. Mimi sikutaja. Nani angezitaka? Akanitazama kwa huruma.

"Mdosi, hizo zilienda Gikomba kwa wahunzi wiki ile ile. Chuma ya springi ndiyo inatoa patasi safi. Saa hii kuna mtu anachonga kitanda na springi yako."

Ningemlaumu vipi? Kwenye karakana yangu kuna rundo la mageti makuukuu ya wateja ambayo hakuna aliyeniuliza yalienda wapi. Alichofanya, siku nilipomletea nyingine alizitoa zile ndefu na kuzifunga hizo bila malipo, na zile ndefu alizipangusa vizuri kuliko alivyoziweka.

Springi nne mpya nikazinunua kwa kampuni, nikalipia mipira na kazi yake, gari likashuka. Pesa za vyuma ziliguswa, lakini si zote, na hakuna mtu wangu aliyekosa mshahara hata wiki moja. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama watoto kwamba difu haikunitoa hata shilingi. Akasema vizuri, halafu akachukua kalamu na kutaka nimtajie nilizotoa kwa ajili ya zile inchi mbili, kuanzia zile za Majengo. Nikamtajia moja moja. Akajumlisha, akarudia kujumlisha, akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe: shilingi laki mbili, elfu ishirini na nne, mia tatu.