Plasta ya Wiki ya Tatu

Kazi yangu miaka ile ilikuwa chumba cha plasta, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Kufunga na kukata plasta nilijifunza kwa kumtazama aliyenitangulia. Niliishi mtaa wa Kisumu Ndogo, nyuma ya wauza samaki wa omena, na majirani walijua nina makasi ya plasta nyumbani, makuukuu ambayo hospitali iliyatupa. Jumapili baada ya kanisa walikuja, huyu mguu, yule mkono, nikawalowesha plasta kwenye karai na kuwakatia. Kurudi kliniki ilikuwa foleni ya siku nzima, na mtu wa kibarua akikosa siku moja, kesho yake anakuta nafasi ina mwingine. Sikuwalipisha. Sisemi hivyo ili nijisafishe. Labda nilipenda tu kuitwa daktari.

Daktari wa kweli alikuwa kijana aliyeletwa kwetu kujifunza upasuaji wa mifupa. Wenzake walitaka mapaja na nyonga, kazi ya vyuma na nyundo. Yeye alitaka mikono. Angeinama asubuhi nzima akishona kano la kidole kimoja, ule uzi mweupe unaokunja kidole.

"Huyu mwishowe atapaka akina mama kucha," mwenzake mmoja alisema.

"Nitaanza na zako," alijibu bila kuinua kichwa.

Mkubwa wao alikuwa mtu mgumu, si mbaya. Alimwambia hivi: hawa wagonjwa wako wachache wa mikono, nikiona vidole vinakunja, nitakuandikia barua uende ng'ambo ukasomee mkono, kiwiko na bega. Visipokunja, utarudi kwa mapaja kama wengine. Nilikuwa hapo nikikoroga plasta. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama fundi wa nguo kutoka mtaa wa Kawangware 46. Bati lilimkata kiganja akiziba paa, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikakataa kukunja. Daktari akalishona kano, mimi nikafunga plasta.

Wiki ya tatu, siku ya Jumapili, aliletwa kwangu na dada yake, jirani yangu wa ukuta mmoja.

"Shemeji," mama fundi aliniita kwa utani, "hii kitu inaniwasha hata siwezi kutulia. Na shule zinafunguliwa, uniform za watu ziko kwa mashine."

"Daktari alisema wiki ngapi?"

"Alisema nyingi. Lakini si ni wewe uliifunga? Itoe basi."

"Mtolee," dada yake akasema. "Ama unaogopa mkono wa mwanamke?"

Nilihesabu kama nilivyozoea. Mfupa wa kidole ukivunjika, wiki tatu unatoa. Kwamba kano si mfupa, kwamba linashika polepole zaidi, hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Nikakata. Akajaribu kidole, kikaja taratibu, akacheka. Kwenye daftari langu la siku hiyo niliandika: mvua, nimetoa plasta moja.

Siku chache baadaye alinyanyua pasi ya makaa. Alisikia kitu kama uzi kikikatika ndani ya mkono.

Kliniki, ni mimi niliyemwita aingie. Daktari aliugeuza ule mkono kwa muda mrefu.

"Plasta uliitoa lini?"

Mama alinitazama, kisha akatazama chini. "Huo uzi ulikatikia ndani ya plasta, daktari. Nilipoona kidole kimelegea ndio nikaitoa."

Sikumwomba anifiche. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, ndoo mkononi, nikajiambia kwamba nikisema nitamfanya mama wa watu mwongo. Sijui kama hiyo ilikuwa huruma au uoga. Naona uoga ulikuwa mwingi.

Alishonwa tena. Safari hii kidole kilikauka kama kigingi, na kwa mashine hakikumsaidia tena. Mkubwa alipouliza mbele ya madaktari wote, kijana alisema, "Fundo la mshono wangu halikushika." Barua haikuandikwa.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Halafu nikamkuta peke yake akinywa chai.

"Daktari, plasta ya yule fundi nilikata mimi. Nyumbani. Wiki ya tatu."

Hakufoka. Aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo fundo lilikuwa limeshika."

"Labda lingekatika tu," nilisema, kwa sababu yeye mwenyewe alishawahi kusema makano mengine hukatikia ndani ya plasta.

"Labda. Utamwambia mkubwa ulivyoikata?"

Tulienda pamoja. Nilisema yote, na la makasi pia. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akamgeukia daktari.

"Mgonjwa wako haendi nyumbani kabla hujajua nani atamkatia plasta. Hilo ni lako, si la huyu. Sasa niambie. Kidole kinakunja?"

"Hakikunji."

Mkubwa akarudi kwa karatasi zake. Mimi sikufukuzwa. Daktari alinifungulia mlango nitangulie, na mchana huo nilimfungia plasta mgonjwa wake, wa paja kama wa wengine.